Anayeacha Sigara Asiachwe Peke Yake

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wafanyakazi wa karakana moja pamoja na jamaa zao, katika mkutano wa kuzungumzia namna ya kusaidiana kuacha sigara.



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya sigara. Hapana shaka baadhi yenu, mlipopata habari hiyo, mlijisemea moyoni kwamba leo tena tunakwenda kuambiwa kuwa sigara ni mbaya. Napenda kuwatoa wasiwasi tangu mwanzo. Sikuja kuwaambia kwamba sigara ni mbaya, kwa sababu jambo hilo mnalijua. Anayevuta analijua zaidi kuliko asiyevuta, maana yeye ndiye anayekohoa alfajiri, na yeye ndiye anayesimama katikati ya ngazi akitafuta pumzi. Onyo limeandikwa juu ya pakiti anayoifungua kwa mkono wake mwenyewe.

Swali ninalotaka tulijadili ni jingine. Ikiwa mtu anajua kwamba sigara inamdhuru, na ikiwa amekwisha kuapa mara tatu au mara nne kwamba anaacha, kwa nini bado anavuta? Na sisi tulio karibu naye, yaani mkewe, mumewe, rafiki yake, na mwenzake wa kazini, tuna wajibu gani? Jibu langu ni fupi, na maneno yangu yote ya leo yatakuwa ni kulieleza jibu hilo: mtu haanzi kuvuta sigara peke yake, kwa hiyo si haki kumtazamia aache peke yake.

UKUBWA WA ADUI

Hata hivyo, ni vyema tukumbushane kwa kifupi ukubwa wa adui tunayepambana naye. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha uchunguzi ulioonyesha uhusiano mkubwa kati ya sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, Luther Terry, alitangaza taarifa iliyothibitisha kwamba sigara husababisha ugonjwa huo. Tangu wakati huo ushahidi umezidi kuongezeka mwaka hadi mwaka, na maradhi ya moyo, kiharusi, na saratani za koo, kinywa na kibofu yameongezwa katika orodha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Miongoni mwao wamo zaidi ya milioni 1 ambao wao wenyewe hawavuti, bali huvuta moshi wa wenzao.

Kwetu sisi iko hatari nyingine ambayo haisemwi mara nyingi, nayo ni kifua kikuu. Moshi wa sigara hudhoofisha ulinzi wa mapafu, na mvutaji yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na kifua kikuu kuliko mtu asiyevuta. Katika nchi ambayo ugonjwa huo bado uko katika mitaa yetu, jambo hili si dogo.

Utafiti uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao milioni 2.6 walikuwa wakitumia tumbaku ya namna moja au nyingine, yaani karibu 9 kati ya kila 100. Kwa wanaume peke yao, ilikuwa ni karibu mmoja kati ya kila saba. Baadhi yetu hapa watasema kwamba hao si wengi. Lakini mmoja kati ya saba maana yake ni kwamba hakuna karakana, wala mtaa, wala ukoo, usio na mtu wake. Hakuna hapa anayeweza kusema kwamba jambo hili halimhusu.

SI UDHAIFU WA NIA

Ndugu Wafanyakazi, liko neno tunalolisema kwa wepesi sana. Mwenzetu akijaribu kuacha sigara akashindwa, tunasema, "Fulani hana msimamo." Neno hili ni kosa, tena ni kosa linalowarudisha watu wengi kwenye sigara.

Ndani ya tumbaku imo kemikali iitwayo nikotini. Mtu akivuta moshi, nikotini hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde zipatazo 10. Huko huamsha hisia ya raha, kisha huanza kupungua. Inapopungua, mvutaji huanza kukosa utulivu, mikono ikatafuta mfuko, na akili ikatafuta kiberiti. Akiwasha nyingine anatulia, naye husema, "Sigara imenituliza." Lakini tuitazame hesabu yake sawasawa. Kiu aliyoituliza sigara ni kiu iliyoletwa na sigara. Ni sawa na mtu anayekutoa shilingi mfukoni bila ya wewe kujua, kisha akakukopesha shilingi hiyo hiyo na kutaka umshukuru.

Anayekata mzunguko huu mwili wake hulalamika. Hupatwa na hasira za bure, hukosa usingizi, hushindwa kukaza fikira katika kazi, huona njaa kila saa, na pengine huingiwa na huzuni asiyoijua chanzo chake. Hali hiyo huanza katika siku ya kwanza, huwa kali zaidi katika juma la kwanza, kisha hupungua kidogo kidogo katika majuma matatu au manne yanayofuata. Kwa hiyo mkimwona mwenzenu amekuwa mkali katika siku hizo, msiseme kwamba ameharibika tabia. Huyo ni mgonjwa anayepona.

Liko jambo moja hapa ambalo naomba mlishike kuliko mengine yote. Tamaa ya sigara haikai mfululizo mchana kutwa. Huja kwa mawimbi, na kila wimbi kwa kawaida hupita baada ya dakika chache, mtu avute au asivute. Maana yake ni kwamba msaada anaouhitaji mwenzetu si wa mwaka mzima usiku na mchana. Anahitaji mtu wa kuvuka naye dakika hizo chache. Mtu wa kumwambia, "Twende tukanywe maji." Mtu wa kutembea naye mpaka langoni na kurudi. Ni nani miongoni mwetu anayeweza kusema kwamba hana dakika tano kwa ajili ya uhai wa mwenzake?

Na ni nini hutokea anapokosa mtu huyo? Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika majaribio ya kuacha tumbaku yanayofanywa bila ya msaada wowote, yanayofaulu ni kama 4 tu kati ya 100. Kama kazi ingekuwa ni ya nia peke yake, tungelazimika kusema kwamba watu 96 kati ya 100 hawana nia. Hilo haliwezi kuwa kweli. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tumekuwa tukimwachia mwenzetu kidole kimoja kisha tukimcheka.

NANI HUMFUNDISHA MTU KUVUTA?

Sasa tujiulize, mtu hujifunza wapi sigara? Ni nadra kijana kuamka siku moja, akaenda dukani peke yake, akaanza. Kijana hupewa na mwenzake. Huipokea kwa sababu hataki kuonekana mtoto mbele ya wakubwa, au kwa sababu wote waliokaa pale wanavuta naye hataki kuwa mgeni kati yao. Baadaye sigara inakuwa lugha ya urafiki. Tunakaribishana sigara kama tunavyokaribishana kahawa. Tunaombana kiberiti, na kutokana na kiberiti yakazaliwa mazungumzo. Katika matanga, usiku unapokuwa mrefu, pakiti huzunguka kutoka mkono hadi mkono. Penye bao, penye baraza ya kahawa, na penye mapumziko ya chai hapa kazini, mambo ni hayo hayo. Hata asiye na fedha za pakiti hakosi, maana muuza duka humwuzia moja moja, na akikosa kabisa, rafiki atampa.

Katika desturi hii kumnyima mtu sigara huhesabiwa uchoyo, na kuikataa huhesabiwa majivuno. Basi tuelewe ni mzigo gani tunaomtwika mtu anayetaka kuacha. Haachi nikotini peke yake. Anaacha pia kiti chake katika baraza, na ishara yake ya kuwaambia wenzake kwamba bado yu pamoja nao. Ikiwa sisi hatukumwonyesha kwamba kiti chake kipo hata bila ya sigara, atarudi kuvuta, si kwa sababu anaipenda sigara kuliko uhai, bali kwa sababu anatupenda sisi.

Maneno haya si ya kubuni. Katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, wataalamu wamekuwa wakifuatilia afya ya wakazi tangu mwaka 1948. Wachunguzi wawili, Nicholas Christakis na James Fowler, walizitazama kumbukumbu za watu 12,067 kuanzia mwaka 1971 hadi mwaka 2003, wakaangalia ni nani ndugu wa nani, nani rafiki wa nani, na nani alifanya kazi na nani. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008 yanatuhusu sana. Mume au mke alipoacha sigara, uwezekano wa mwenzi wake kuendelea kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki alipoacha, ulipungua kwa asilimia 36. Katika mahali padogo pa kazi, mfanyakazi mmoja alipoacha, uwezekano wa mwenzake kuvuta ulipungua kwa asilimia 34. Ndugu wa tumbo moja alipoacha, ulipungua kwa asilimia 25.

Tuzitazame hesabu hizo vizuri. Mwenye nguvu ya kwanza ni yule unayelala naye nyumba moja. Na mwenzako wa karakana hakuachwa nyuma na ndugu yako wa damu. Wachunguzi hao waliona pia kwamba watu wengi hawakuacha mmoja mmoja, bali waliacha kwa makundi, kama watu wanaoondoka pamoja katika kikao. Ikiwa sigara huingia kwa kundi na hutoka kwa kundi, basi juhudi zetu nazo hazina budi kuwa za kundi.

TUNAYO MIFANO YETU WENYEWE

Lakini hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mafunzo. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma vitabu vya kampeni, wakajadiliana, kisha wakaondoka hapo na majembe kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba. Wataalamu wangeweza kumpa kila mtu karatasi ya maonyo akaisome peke yake nyumbani. Hawakufanya hivyo. Walijua kwamba mtu hubadili mazoea yake anapowaona jirani zake wakiyabadili yao, na anapojua kwamba wiki ijayo ataulizwa, "Ndugu, choo chako kimefika wapi?"

Mfano wa pili ni kifua kikuu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, akishiriki Daktari Karel Styblo. Matibabu ya kifua kikuu ni ya miezi mingi, na mgonjwa akishapata nafuu hushawishika kuacha dawa kabla ya wakati. Mpango huo haukumwachia mgonjwa mzigo huo peke yake. Alitakiwa ameze dawa mbele ya mtu anayemwona. Kutokana na kazi iliyofanywa hapa, Shirika la Afya Duniani lilipata msingi wa njia iliyokuja kutumiwa katika nchi nyingi za dunia. Leo mgonjwa anaweza kumchagua ndugu au jirani amsimamie nyumbani.

Basi nauliza: ikiwa tumeweza kumpa mgonjwa wa kifua kikuu msimamizi wa kumtazama akimeza kidonge, tunashindwaje kumpa anayeacha sigara mwenzi wa kumwuliza kila asubuhi, "Ndugu, umeamkaje leo?"

KAZI YA KILA MMOJA

Sasa niseme juu ya utekelezaji, maana maneno matupu hayavunji mfupa.

Kwanza ni kazi ya anayeacha mwenyewe. Achague siku, asiseme "nitaacha Mungu akipenda" tu. Siku hiyo iwe karibu, isizidi majuma mawili, na aitangaze kwa watu wa nyumbani na kwa wenzake wa kazini. Kuacha kwa siri ni kujiachia mlango wa kurudi kwa siri. Usiku wa kuamkia siku hiyo aondoe nyumbani pakiti, viberiti na visahani vya majivu. Asihifadhi hata moja "ya dharura", kwa sababu dharura itakuja siku hiyo hiyo. Wala asibadilishe sigara kwa ugoro au shisha akadhani ameacha, maana amehama chumba lakini nyumba ni ile ile.

Kwa wale wapenzi wa kahawa liko jambo la kuangalia. Moshi wa sigara huufanya mwili uondoe nguvu ya kahawa haraka. Mtu akiacha kuvuta huku akiendelea na vikombe vile vile, nguvu ya kahawa hubaki mwilini kwa muda mrefu zaidi, akaanza kutetemeka na kukosa usingizi, naye akadhani ni ukosefu wa sigara. Apunguze kahawa katika siku hizo, na wenzake wa barazani wasimlazimishe kikombe cha tatu. Aidha, ziko dawa zinazosaidia, kama ubani wa kutafuna na kibandiko cha ngozi vyenye nikotini kidogo visivyo na moshi. Aende kwa mganga au mfamasia kuuliza kinachopatikana na kinachomfaa, hasa akiwa na ugonjwa wa moyo au akiwa mjamzito. Kutumia dawa si aibu.

Pili ni kazi ya mke au mume. Huyu, kama tulivyoona, ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Ikiwa wote wawili wanavuta, waache siku moja. Ikiwa anavuta mmoja, yule mwingine asiwe askari wa upelelezi wa kunusa mashati na kupekua mifuko. Mtu anayepekuliwa hujifunza kuficha, hajifunzi kuacha. Afadhali baba anaporudi kutoka kazini mama watoto amwambie, "Leo ni siku ya tano, nami nimeihesabu," kuliko kumwuliza mbele ya wageni, "Je, leo hukuvuta?" Na hasira za juma la kwanza zivumiliwe. Zina mwisho, tena mwisho wake uko karibu.

Tatu ni kazi ya mfanyakazi mwenzake. Napendekeza kwamba kila anayeacha awe na mwenzi mmoja hapa kazini, na ikiwezekana mwenzi huyo naye awe anaacha. Wawe wawili wawili kama wabeba gogo. Wakati wa chai ndio wakati wa hatari kuliko wote, kwa hiyo wakae pamoja, mbali na wanaovuta. Wimbi likimjia mmoja, mwingine amwondoe pale alipo kwa dakika tano. Na wote wawili wajue neno la kukataa ambalo halimwudhi mtu: "Ahsante, ndugu yangu, mimi nimeacha." Neno hilo latosha. Halihitaji hotuba.

Nne, na hili naliweka mbele yenu kwa uzito, ni kazi ya wale ambao bado wanavuta na hawako tayari kuacha. Ndugu zangu, nanyi mna sehemu yenu katika kazi hii, pengine kubwa kuliko yetu. Hatukuhukumuni. Tunachoomba ni kwamba msimkaribishe aliyeacha, hata kwa mzaha. Wapo watu waliokaa siku 40 bila ya sigara, wakarudi kwa sababu rafiki alisema, "Moja tu haiui." Rafiki huyo hakuwa na nia mbaya, huenda alikuwa amemkosa mwenzake wa kuvuta naye. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuzoea, mara nyingi moja hiyo ndiyo ya kwanza katika pakiti nyingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwako wewe usiyeubeba unaonekana mwepesi.

AKIJIKWAA

Nalazimika kusema juu ya wale wanaoanguka, kwa sababu watakuwapo. Wengi wa walioacha kabisa hawakufaulu katika jaribio la kwanza. Walijaribu, wakarudi, wakajaribu tena. Kwa hiyo ikiwa katika kundi letu mmoja atajikwaa, tutafanya nini?

Tukimcheka, atajificha, na akijificha atavuta maradufu. Tukimwambia, "Tulijua tu," tutakuwa tumemthibitishia kwamba hatukumwamini tangu mwanzo. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Yafaa mwenzi wake akae naye na kumwuliza maswali matatu tu: Ilikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Kulitokea nini kabla yake? Majibu hayo ndiyo ramani ya jaribio linalofuata. Ikiwa ilikuwa matangani, basi safari nyingine wataenda matangani wawili. Ikiwa ni baada ya ugomvi na msimamizi, basi wajue kwamba hasira ndiyo mlango. Kisha ipangwe siku nyingine mara moja, isipite wiki.

MKULIMA NA SHERIA

Pengine mtu ataniuliza, "Je, nchi hii hailimi tumbaku? Je, ndugu zetu wa Urambo, wa Chunya na wa Ruvuma hawasomeshi watoto kwa tumbaku?" Ni swali la haki, wala halifai kukwepwa. Mkulima wa tumbaku si adui wa mvutaji. Naye ana taabu zake, za mikopo ya pembejeo, za kuni za kukaushia majani, na za bei asiyoipanga yeye. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi zimsaidie mkulima kupata njia nyingine ya riziki. Katika mkataba huo huo zimo ahadi za kuwasaidia wanaotaka kuacha na za kuwalinda wasiovuta dhidi ya moshi. Mambo hayo hayapingani. Lakini hakuna mkulima anayeokolewa na kifua cha mfanyakazi kuoza. Tusimtumie mkulima kama kisingizio cha kuendelea kuvuta.

Aidha, tangu mwaka 2003 nchi yetu inayo sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku. Sheria ni kitu chema, lakini haiwezi kuingia chumbani ambamo mtoto mchanga amelala na baba yake anavuta. Humo huingia dhamiri tu, na jirani mwema.

FAIDA HAINGOJI

Wako wazee wanaosema, "Mimi nimevuta miaka 30, kuacha sasa kutanifaa nini?" Wazee wangu, shikamooni, na jibu ni kwamba kutawafaa sana. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya saa 12 sumu ya hewa ya kaboni monoksidi katika damu hurudi katika kiwango cha kawaida. Katika majuma 2 hadi 12 damu huzunguka vizuri zaidi na mapafu hupata nguvu. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo huwa karibu nusu ya ile ya mvutaji. Baada ya miaka 10 hatari ya saratani ya mapafu nayo hushuka hadi karibu nusu.

Doll, yule niliyemtaja mwanzo, pamoja na wenzake waliwafuatilia waganga wa kiume wa Uingereza kwa miaka 50 tangu mwaka 1951. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba aliyeacha akiwa na miaka 30 alijipatia maisha ya miaka ipatayo 10 zaidi ya yule aliyeendelea. Aliyeacha akiwa na miaka 40 alipata miaka 9, wa miaka 50 alipata 6, na hata aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea miaka 3. Miaka mitatu, wazee wangu, ni muda wa kumwona mjukuu akianza shule.

Na anayevuta sigara 10 kwa siku huchoma sigara 3,650 kwa mwaka. Kila mmoja na aende nyumbani akazidishe idadi hiyo kwa bei anayoilipa dukani, kisha amwonyeshe mkewe jibu.

TUAZIMIE NINI?

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa mapendekezo manne ambayo mkutano huu unaweza kuyaamua leo. La kwanza, kila anayetaka kuacha ataje siku yake na amchague mwenzi wake kabla hatujatawanyika. La pili, mahali pa chai pawe hapavutwi sigara, na wanaovuta watengewe mahali pao nje, mbali na wenzao. La tatu, tukubaliane kwamba kuanzia leo hakuna atakayemkaribisha sigara mtu aliyetangaza kuacha, wala hakuna atakayemwita mchoyo aliyekataa kutoa. La nne, tukutane tena baada ya mwezi mmoja, waliofaulu waeleze walivyofaulu na waliojikwaa waeleze walipojikwaa, bila ya mtu kuchekwa.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha za kigeni, wala wataalamu kutoka nje. Yanahitaji watu wanaojuana, na watu hao wamo humu ndani. Sisi ndio tuliowapa wenzetu sigara ya kwanza. Basi na tuwape mkono wa kuizima ya mwisho.